Jinsi ya Kupima Uhuru wa Shirika la Kutetea Walaji Linaloingiza Fedha kwa Nembo Yake

Nembo ndogo iliyobandikwa kwenye katoni ya mashine ya kufulia au friji, ikieleza kwamba bidhaa hiyo imependekezwa na shirika la kutetea walaji, ina nguvu kuliko tangazo lolote la redioni, kwa sababu mnunuzi huamini kwamba aliyeitoa hana kitu cha kumuuzia. Wanunuzi wengi hawafahamu kwamba katika nchi kadhaa kampuni hulilipa shirika hilo ili iruhusiwe kuitumia nembo hiyo kwenye matangazo. Malipo hayo si siri wala hayavunji sheria, na baadhi ya mashirika yanayoheshimika sana duniani huyapokea. Hata hivyo yanaleta swali zito: je, mlinzi anayepokea fedha kutoka kwa yule anayepaswa kumchunguza anaweza kubaki huru?

Jibu langu ni kwamba anaweza, lakini kwa masharti yanayokaguliwa, na kazi ya kuyakagua haihitaji shahada ya uhasibu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kwa nyaraka ambazo mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuzipata. Umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayenunua bidhaa zenye nembo za Ulaya, Marekani au Australia, awe anaishi huko au anazipokea huku zikiwa mpya au za mtumba, na pia kwa ajili ya viongozi wa vyama vyetu vya walaji ambao siku moja watashawishiwa kuuza nembo zao wenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba ni shirika la walaji

Jina pekee halitoshi. Better Business Bureau, mtandao wa ofisi za Marekani na Kanada wenye asili ya mwaka 1912, hupokea malalamiko ya wateja na kuzipa kampuni alama za herufi, kwa hiyo watu wengi huuchukulia kuwa mtetezi wa walaji, ilhali unaendeshwa kwa ada za kampuni zinazotaka ithibati yake. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ilionyesha kwamba ofisi ya Los Angeles ilikuwa imetoa alama ya A- kwa kampuni ya kubuni iliyoandikishwa kwa jina la Hamas, baada ya kulipiwa dola 425. Wakati huo mfumo uliiongezea pointi kampuni iliyolipa ada. Pointi hizo zilifutwa mwaka huohuo baada ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Connecticut kuzipinga, na mwaka 2013 ofisi ya Los Angeles ikafukuzwa kwenye mtandao.

Soma basi katiba ya shirika, au ukurasa unaoeleza muundo wake, ukitafuta ni nani anayeichagua bodi na kama kampuni zinaruhusiwa kuwa wanachama wenye kura. Angalia pia kama shirika ni mwanachama wa Consumers International, shirikisho lililoundwa mwaka 1960 ambalo linawataka wanachama wake wasifungamane na maslahi ya kibiashara. Uanachama huo ni dalili njema, ingawa haukuondolei wajibu wa kuendelea kukagua.

Uliza kipi kilitangulia, kipimo au malipo

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ninamwomba msomaji asilipite haraka. Mashirika mawili yanaweza kupokea kiasi kilekile cha fedha kutoka kwa kampuni ileile, moja likabaki huru na jingine likawa wakala wa mauzo, kwa sababu ya mpangilio wa hatua tu.

Which? ya Uingereza, jarida la walaji lililoanza kuchapishwa mwaka 1957, hununua yenyewe bidhaa inazozipima, huzipima, huchapisha matokeo, na ni baada ya hapo tu ndipo kampuni ambayo bidhaa yake imepata daraja la Best Buy huweza kulipia leseni ya kuitumia nembo hiyo. Kampuni ikikataa kulipa, daraja lake hubaki palepale kwenye orodha ambayo wasomaji wanaiona. Stiftung Warentest ya Ujerumani, taasisi iliyoanzishwa na serikali ya shirikisho mwaka 1964, nayo hununua bidhaa madukani bila kujitambulisha. Kwa miongo mingi iliziruhusu kampuni kuyataja matokeo yake kwenye matangazo bila malipo, mradi zifuate masharti yake. Tangu Julai 2013 inazitaka ziwe na leseni ya kulipia, na leseni hizo hutolewa na taasisi nyingine iitwayo RAL. Kwa mpangilio huo anayepima friji siye anayetuma ankara, na hilo ni jambo ambalo ningependa kuliona kila mahali.

Linganisha na kilichotokea Marekani mwaka 1997. Chama cha Madaktari cha nchi hiyo, ambacho kilikuwa na heshima kubwa mbele ya umma ingawa si shirika la walaji, kilikubaliana na kampuni ya Sunbeam kwamba nembo yake ingewekwa kwenye vifaa vya afya vya nyumbani, kama vipimajoto na mashine za kupima shinikizo la damu, na chama kingepata mrabaha kwa mauzo. Mkataba uliipa Sunbeam haki ya peke yake, na chama hakikukusudia kuvipima vifaa hivyo. Madaktari wenyewe walikasirika, chama kikajitoa, Sunbeam ikakishtaki, na mwaka uliofuata kikalazimika kulipa dola milioni 9.9 ili kuimaliza kesi. Hapa malipo yalitangulia, kipimo hakikuwepo, na washindani wote walikuwa wamekwisha kufungiwa mlango kabla mtu yeyote hajagusa kipimajoto.

Kwa hiyo unaposoma sera ya shirika, andika kando majibu ya maswali haya. Bidhaa zinanunuliwa dukani au zinaletwa na kampuni? Kampuni inalipa ili ipimwe, au inalipa baada ya kushinda? Mshindi asiyelipa anaonyeshwa sawasawa na anayelipa, kwa ukubwa uleule na mahali palepale? Watu wanaouza leseni wanakaa ofisi moja na watu wa maabara, na wanajua mapema nani ameshinda? Shirika ambalo sera yake haijibu swali la kwanza na la pili linastahili kuwekwa pembeni mpaka litakapoyajibu.

Tofautisha ada isiyobadilika na kamisheni

Ada ya leseni inayolipwa mara moja kwa kipindi fulani haiongezeki bidhaa inaponunuliwa na watu wengi zaidi. Mrabaha na kamisheni huongezeka, na hapo ndipo shirika linapoanza kupata faida kila mlaji anapofungua pochi.

Uingereza ilipata funzo hilo Februari 2016, gazeti la The Sun liliporipoti kwamba shirika la kuwasaidia wazee la Age UK lilikuwa likipokea takriban pauni milioni 6 kwa mwaka kutoka kampuni ya umeme na gesi ya E.ON, kwa kuwapendekezea wazee mpango wa bei ambao haukuwa wa chini kabisa sokoni. Age UK ilikana kwamba iliwapotosha wazee, lakini mpango huo ulisimamishwa. Hata tukichukua utetezi wake wote kuwa kweli, inabaki kwamba shirika lililotakiwa kumwambia mzee atafute bei nafuu zaidi lilikuwa na sababu ya kifedha ya kutomwambia.

Siku hizi kamisheni imeingia hata kwa mashirika yaliyojengwa juu ya msingi wa kukataa matangazo. Consumer Reports, jarida la walaji la Marekani, na Which? zote huweka viungo vya kwenda kwenye maduka ya intaneti na kupokea kamisheni mteja anaponunua, na zote hulieleza jambo hilo waziwazi. Ninaona uwazi huo ni wa lazima, lakini hautoshi. Angalia kama kiungo cha duka kipo kwenye bidhaa zilizofeli pia au kwenye washindi pekee, na kama shirika linaeleza kwa maandishi kwamba wapimaji hawahusishwi na mapato hayo.

Soma hesabu za mwaka

Shirika linalostahili imani huchapisha hesabu zilizokaguliwa. Kwa Uingereza, mashirika ya hisani huziwasilisha kwa msimamizi wao, Charity Commission, na yeyote anaweza kuzipakua. Kwa Marekani, mashirika yasiyo ya faida hujaza fomu namba 990 ambayo ni wazi kwa umma. Tafuta mstari wa mapato ya leseni, nembo, mrabaha au kamisheni, kisha ugawe kwa mapato yote. Wakati mwingine mapato hayo yamefichika ndani ya kampuni tanzu: chama mama cha Which? ni shirika la hisani, na biashara huendeshwa na kampuni linayoimiliki, kwa hiyo ni lazima usome hesabu za pamoja, zile zinazounganisha vyote viwili.

Hakuna kiwango kilichokubaliwa na wote, lakini mimi huanza kuwa na wasiwasi sehemu hiyo inapopita moja ya tano ya mapato, na wasiwasi huwa mkubwa zaidi ninapoona kwamba sehemu kubwa inatoka kwa kampuni moja au sekta moja. Kipimo changu halisi ni hiki: je, shirika likimpoteza mlipaji wake mkubwa kesho asubuhi, litaweza kulipa mishahara? Likiweza, mkurugenzi wake anaweza kusema hapana. Lisipoweza, uadilifu wa mkurugenzi utapambana na mishahara ya wenzake kila siku, na si haki kumtwisha mtu yeyote mzigo huo. Ndiyo maana ada za wanachama na wasomaji zina thamani kuliko zinavyoonekana kwenye hesabu, na ndiyo maana pia ruzuku ya serikali, kama ile ambayo Ujerumani imekuwa ikiipa Stiftung Warentest kufidia mapato ya matangazo ambayo haichapishi, inafaa kuulizwa maswali yaleyale tunayoziuliza kampuni.

Tazama maamuzi yanayotangulia maabara

Watu wengi wakisikia neno upendeleo hufikiria mhandisi aliyebadilisha alama usiku. Hilo ni nadra, na likitokea hugundulika. Upendeleo ninaouogopa ni wa polepole na hauhitaji mtu mwovu. Upo kwenye uamuzi wa bidhaa zipi zipimwe, mara ngapi kwa mwaka, na washindi wawe wangapi. Shirika linalouza leseni kwa washindi hupata fedha zaidi washindi wakiwa kumi kuliko wakiwa mmoja. Hupata fedha zaidi likipima televisheni, ambazo watengenezaji wake wana bajeti kubwa za matangazo, kuliko likipima unga, sukari ya rejareja au huduma za mazishi.

Njia ya kuligundua hilo ni ya kuchosha lakini inawezekana. Chukua orodha za matokeo ya aina moja ya bidhaa kwa miaka kadhaa mfululizo, uhesabu ni sehemu gani ya bidhaa zilizopimwa ilipewa pendekezo. Sehemu hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka tangu leseni ianze kuuzwa, bila maelezo kwamba bidhaa zenyewe zimekuwa bora au kigezo kimebadilika, una haki ya kuuliza. Kisha tazama ni nini hakipimwi kabisa.

Chunguza pia kigezo chenyewe kinalinganisha nini na nini. Wakfu wa Moyo wa Australia ulikuwa na alama ya tiki iliyoanza mwaka 1989, ikilipiwa na kampuni za chakula, na vigezo vyake vilitofautiana kwa kila aina ya chakula, kwa hiyo chakula kilipewa tiki kwa kuwa bora kuliko vya aina yake. Kwa mtaalamu wa lishe mantiki hiyo ilieleweka. Kwa mama mwenye kikapu dukani, tiki ilimaanisha kwamba chakula hiki ni kizuri kwa moyo. Mwaka 2007 tiki ilipoingia kwenye baadhi ya milo ya McDonald's lawama zilikuwa nyingi, na mwaka 2015 wakfu ukaamua kuifuta. Kila kigezo kinaweza kuwa kilitimizwa sawasawa, na bado mlaji akawa amepotoshwa.

Fuatilia historia ya sera ya nembo

Mfano bora ninaoufahamu ni Consumer Reports. Shirika lililoizaa liliundwa New York mwaka 1936, likakataa matangazo ya biashara tangu mwanzo, na likaweka kanuni kwamba hakuna kampuni itakayoruhusiwa kutumia jina lake kuuzia bidhaa, hata kama bidhaa hiyo imesifiwa kwa haki. Watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi za Regina waliponukuu sifa za jarida hilo kwenye tangazo la televisheni, shirika lilikwenda mahakamani, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa iliamua kwamba nukuu hiyo ilikuwa matumizi halali. Fikiria uzito wa msimamo huo: shirika liligharimia kesi ili lisisifiwe kwenye tangazo. Katika miaka ya karibuni shirika hilohilo limeanza kuziruhusu kampuni kulipia matumizi ya alama yake ya kupendekeza.

Sisemi kwamba kugeuka huko ni usaliti. Magazeti yanayosomwa kwa kulipiwa yamepungukiwa na wasomaji kila mahali, maabara ni ghali, na shirika lililofungwa halimtetei mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba shirika linapobadilisha kanuni yake ya msingi linawiwa na wanachama wake maelezo kamili. Kwa hiyo linganisha sera ya leo na ile ya miaka kumi iliyopita, ambayo mara nyingi hupatikana kwenye hifadhi za kurasa za zamani. Angalia maneno yaliyoondolewa. Kisha tafuta kama bodi ilitangaza mabadiliko hayo na kueleza sababu, au kama wanachama waliyagundua wenyewe.

Tafuta waliofeli, na tafuta makosa yaliyokiriwa

Shirika huru huacha nyuma yake kampuni zilizokasirika. Mwaka 1988 Consumer Reports ilitangaza kwamba gari la Suzuki Samurai halikubaliki kwa sababu ya hatari ya kupinduka. Suzuki ilishtaki mwaka 1996, na kesi ilimalizika mwaka 2004 kwa makubaliano ambayo shirika halikulipa chochote. Ukikuta shirika ambalo kwa miaka mitano halijawahi kuitaja kampuni kubwa kwa jina na kuipa alama mbaya, tena katika sekta inayolilipa, usiridhike na maelezo kwamba bidhaa zote ni nzuri.

Lakini kuwa huru hakumwondolei mtu uwezekano wa kukosea. Mwishoni mwa 2013 Stiftung Warentest iliipa chokoleti ya kokwa za hazelnut ya Ritter Sport alama ya chini kabisa, ikidai kwamba ladha iliyoandikwa kuwa ya asili haikuwa ya asili. Mahakama za Munich zikaamua mwaka uliofuata kwamba taasisi haikuwa na haki ya kueneza dai hilo. Januari 2007 Consumer Reports iliondoa ripoti yake kuhusu viti vya watoto vya garini, ndani ya muda mfupi baada ya kuichapisha, ilipobainika kwamba majaribio yalifanywa kwa mwendo mkali kuliko uliokusudiwa, kisha ikachapisha uchunguzi wa jinsi kosa lilivyotokea. Mimi huliamini shirika zaidi ninapoona marekebisho ya namna hiyo yakiwa na tarehe na maelezo, kuliko ninapokuta halina rekodi ya kosa lolote.

Kwa vyama vyetu vya Afrika Mashariki

Usichanganye nembo hizi na alama ya ubora ya TBS au KEBS. Hizo hutolewa na vyombo vya serikali na humaanisha kwamba bidhaa imefikia kiwango cha chini kinachotakiwa. Hazisemi kwamba ni bora kuliko nyingine. Mabaraza ya watumiaji ya kisekta ya Tanzania, kama yale ya nishati na maji au mawasiliano, yameundwa kwa sheria na hayaishi kwa kuuza nembo. Vyama vya hiari vya walaji ndivyo vilivyo katika hali ngumu, kwa sababu wanachama wanaolipa ada ni wachache na kampuni zilizo tayari kudhamini semina, fulana na chakula cha mchana ni nyingi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Chama kinachodhaminiwa na kampuni ya simu kinapokaa kimya kuhusu gharama za vifurushi, haki hiyo inapungua bila mtu kuvunja kifungu chochote.

Ushauri wangu kwa viongozi wa vyama hivyo ni wa wazi. Msiuze nembo kabla hamjawa na uwezo wa kupima. Mkianza kuuza, andikeni kwanza sera, ichapisheni, wekeni ada moja kwa kampuni zote za ukubwa unaolingana, na mkataeni yeyote anayetaka haki ya peke yake. Orodha ya wafadhili na kiasi walichotoa iwe kwenye ripoti ya mwaka, si kwenye droo ya mwenyekiti.

Malizia kwa nembo iliyo mbele yako, kisha andika barua

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampuni iliyokwisha kupata nembo inaweza kubadilisha mota, kiwanda au mchanganyiko huku nembo ikibaki. Kwa hiyo soma mwaka wa kipimo na namba ya modeli, uzilinganishe na kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya kifaa. Nembo isiyo na mwaka, au ya modeli jirani, ichukulie kama haipo. Bidhaa za mtumba zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nembo iliyobaki kwenye mlango wa friji inazungumzia kifaa kilipokuwa kipya.

Yakibaki maswali, liandikie shirika barua fupi ukiuliza ni sehemu gani ya mapato yake inatokana na nembo na kamisheni, ni nani anayeuza leseni, washindi wasiolipa wanaorodheshwa wapi, na mara ya mwisho nembo iliyolipiwa ilipofutwa ilikuwa lini na kwa sababu gani. Swali hilo la mwisho lijibiwe kwa jina la bidhaa na tarehe. Subiri mwezi mmoja. Ukijibiwa kwa maneno ya jumla kuhusu maadili na dhamira, andika tena ukinukuu maswali yasiyojibiwa, na nakala uipeleke kwa bodi.